Pindo Lililotupwa Kisimani

Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyofundishwa, na ni methali nzuri sana kwa watu wenye bomba uani. Kule Kambini, mwendo wa saa moja kwa pikapu kutoka Dodoma mjini katika njia ya kwenda Bahi, mgeni akija mwenyeji hakimbilii kumpa maji. Anamkalisha kwanza. Anamsalimia, anamuuliza habari za safari, na glasi ya maji inawekwa kwenye sinia mbele ya macho yake, imejaa pomoni, naye mgeni na kiu yake anaitazama tu.

Wakio aliitazama hivyo mchana mmoja wa Julai, mwaka wa tisini na mbili, vumbi la barabarani limemkaa mpaka kwenye kope. Alikuwa mwalimu wa historia kutoka Voi, Kenya, mwanamke wa miaka thelathini na mitatu aliyeamua, bila kuomba ruhusa ya mtu, kuchukua likizo yake na akiba yake na kuvuka mpaka peke yake. Alikuwa amevaa gauni jeupe. Kando yake alisimama Hanifu, mwanamume aliyemjua kwa siku kumi na mbili tu, na ambaye Wakio alikuwa tayari kumpeleka Voi kwa baba yake.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema Bi Anifa, mama yake Hanifu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho yasiyotulia. "Hanifu, kitambaa unacho?"

"Ninacho, mama."

"Kipya?"

"Kipya, mama. Nimekuja nacho kutoka mjini."

Akatoa mfukoni kipande cheupe kilichokunjwa vizuri, kimepigwa wanga na pasi mpaka kinang'aa, akazunguka nacho nyuma ya nyumba. Wakio alisikia kifuniko cha bati kikisogezwa, kimya kidogo, kisha kifuniko kikirudishwa. Bi Anifa akashusha pumzi.

"Haya, bismillahi. Kunywa sasa."

Wakio akanywa. Julai ya Dodoma ina baridi ya kuvaa sweta, na maji yale yalitoka kwenye mtungi wa udongo uliokaa kivulini tangu alfajiri. Yalitakiwa yaume meno. Yalikuwa na joto. Halikuwa joto la jua wala la jiko, lilikuwa joto la mate, kama vile mtu ameyashika kinywani kwanza ndipo akayatema kwenye glasi. Aliyameza kwa sababu mama mkwe mtarajiwa alikuwa anamwangalia, na mwanamke gani atatema maji mbele ya mama mkwe? Alipokuwa anameza alisikia, nyuma ya ukuta, mtu anakamua nguo: kitambaa kinasokotwa, maji yanadondoka, kinasokotwa tena.

"Nani anafua, mama?"

Bi Anifa akamtazama. "Hapa hafui mtu leo, mwanangu."

Hanifu alikuwa ametoka nyuma ya nyumba, anatabasamu, mikono yake mikavu.

Mtu atauliza mwalimu wa Voi alifikaje huko. Alifika kwa ajili ya michoro ya mapangoni ya Kolo, kule Kondoa, ambayo alikuwa anaifundisha miaka tisa bila kuiona. Alipofika Dodoma mjini baridi ikamkuta na blauzi, akaenda Majengo kutafuta sweta. Ndiyo ilikuwa miaka ya ruksa, bidhaa za nje zimeruhusiwa kuingia. Watu waliopanga foleni miaka mingi kununua kitambaa kwa kugawiwa sasa walikuwa wanakanyaga nguo za Ulaya chini kama majani, na Hanifu alikuwa mmoja wa waliowahi kufungua belo la mitumba. Meza yake ilikuwa nadhifu kuliko zote. Nguo akizitoa kwenye belo alizifua, akazitia wanga, akazipiga pasi ya mkaa, akazitundika, na mteja akiuliza kama ni mtumba Hanifu alimjibu bila kupepesa macho: "Kwangu mimi hii ni mpya."

Wakio alichukua sweta, kisha macho yake yakaangukia gauni jeupe la pamba, refu, lenye vifungo mgongoni. Akalijaribu nyuma ya pazia la gunia. Lilimkaa mwilini kama alishonewa, ila lilikuwa linaburuta chini. Alizunguka nalo mara mbili mbele ya kioo, akacheka, akalivua. "Refu mno. Mlilishonea twiga?"

"Mwalimu," alisema Hanifu, kwa kuwa tayari alikuwa amemchimba kazi yake, "gauni halina kosa. Pindo ndilo lenye kosa, na pindo hukatwa."

Mapenzi ni kikohozi, na yale yalianza kukohoa siku hiyohiyo. Hanifu alifunga meza siku tatu kumpeleka Kolo, akasimama naye chini ya miamba akimsikiliza anavyoeleza watu wa kale kana kwamba anasimulia habari za shangazi zake. Hakuwahi kumwita kwa jina lake la Wakio. Alimwita Mwalimu tu, na alivyolitamka jina hilo lilimwingia Wakio tumboni. Jioni walikaa kwenye kibaraza cha nyumba ya wageni, Wakio akimweleza habari za Voi: kwamba maji ya kwao yanatoka chemchemi za Mzima, safi kama hewa, unafungua bomba unakunywa, mtu hakuulizi.

"Yana mwenyewe?" Hanifu aliuliza.

"Nani? Maji? Maji hayana mwenyewe."

Hanifu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Maji yasiyo na mwenyewe! Nipeleke huko, Mwalimu. Nioe."

Utani ukawa si utani. Walikubaliana wakamwone mama Kambini, kisha wasafiri wote Voi kwa baba. Siku ya kwenda, Hanifu alimletea lile gauni jeupe, limekatwa pindo, limekaa sawasawa na vifundo vya miguu. Wakio alilia kidogo. Tangu afikishe miaka thelathini, hakuna aliyemtazama kwa makini kiasi cha kujua urefu wa mguu wake.

Jioni ile ya kwanza Kambini, baada ya wali na mlenda, Bi Anifa alimweleza ile habari ya kitambaa. Babu wa babu yao alikuja na msafara kutoka Bagamoyo, mwaka wa ukame, watu wanakufa njiani. Akakuta kisima hiki. Wagogo wenyeji walimwambia wazi: sisi tunatoza hongo, ushuru wa wapitaji, kwenye maji yetu yote, lakini haya si yetu, haya yana mwenyewe, na mwenyewe si mtu. Babu akalipa kwa alichokuwa nacho, kitambaa kipya cha marekani kutoka kwenye jora. Tangu siku ile ahadi ni moja. Kila mgeni, kabla hajanywa mara ya kwanza, hutupiwa kisimani mkono mmoja wa kitambaa kipya, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole.

"Na kisipokuwa kipya?" Wakio aliuliza, nusu anatania.

Bi Anifa hakutania. "Nguo iliyovaliwa ni mtu, mwanangu. Ina jasho lake. Ukimpa jini nguo iliyovaliwa, umempa mtu." Akapunguza sauti. "Miaka ile ya foleni, kitambaa hakuna, tuliwapa wageni maziwa. Hatukumpa mtu maji hata akililia. Hatukukosea hata mara moja."

Hanifu alikuwa anachokonoa makaa kwa kijiti. Hakuinua kichwa.

Asubuhi Wakio aliamka na harufu ya nguo iliyolowa ikafichwa ikavunda. Gauni jeupe lilikuwa limetundikwa msumarini palepale alipolitundika, kavu tangu mabegani hadi magotini, lakini chini, pale lilipokatwa, lilikuwa linadondosha maji. Tone, tone, kwenye sakafu ya udongo. Alilishika. Maji yalikuwa na joto la mate.

Akalianika juani. Saa mbili baadaye jua lilikuwa limekausha hata majani ya ua, na pindo la gauni bado linadondosha.

Saa sita mchana, jua liko utosini na vivuli vimejificha chini ya miguu, ndiyo saa ambayo wazee wa Kambini huwaambia watoto wasikae nje. Wakio hakujua hilo. Alikuwa anavuka ua kwenda jikoni aliposikia tena ukamuaji ule, safari hii karibu sana, nyuma ya zizi la mbuzi, na sauti haikuwa ya kitambaa peke yake: ndani yake mlikuwa na kitu kinachokatika, ko, ko, ko, kama vijiti vinavyovunjwa kimoja kimoja kwa uvumilivu. Akachungulia. Mbuzi jike, yule mwenye mimba, alikuwa amelala juu ya jiwe la kufulia. Alikuwa amesokotwa. Kichwa kilielekea huku, kiwiliwili kule, kiuno kimezungushwa mara tatu kama mtu anavyokamua shuka zito, mbavu zimetoboa ngozi, na kitoto chake kimesukumwa nje kikiwa kimesokotwa vilevile. Damu haikuwapo. Hapakuwa na tone la damu wala la maji, jiwe lilikuwa kavu, na nyama iliyoonekana pale ngozi ilipopasuka ilikuwa ya kijivu, imekauka.

Alipiga kelele. Bi Anifa alikuja mbio, akaona, akaanguka magotini.

"Hanifu." Sauti haikupanda. "Hanifu, mwanangu, nakuuliza mbele ya Mungu. Kile kitambaa kilikuwa kipya?"

Hanifu alimtazama mama yake, akamtazama Wakio, akalitazama gauni linalodondosha kwenye kamba. Alikuwa mtu mzuri, na hapo ndipo palipokuwa na balaa lake, maana mtu mzuri akifanya jambo la aibu huona bora afe kuliko lijulikane mbele ya anayempenda.

"Kipya, mama," alisema.

"Basi nataka kuondoka," Wakio alisema, meno yakigongana. "Leo. Sasa hivi."

"Pikapu hupita asubuhi tu," alisema Bi Anifa. "Na ukiondoka, mwanangu, akiwa anakudai, atakufuata. Hajui mpaka wa nchi huyu." Akamtuma jirani mwenye baiskeli mjini Majengo, akamlete Maalim Seleman.

Usiku ule walilala wote chumba kimoja, taa inawaka, na hakuna la kusimulia isipokuwa kwamba mpaka alfajiri kuku wote kumi na wanne walisikika wakisokotwa mmoja mmoja.

Maalim alifika kesho yake kabla ya adhuhuri, mtu mnene, mcheshi, mwenye mkoba wa vitabu na chetezo. Aliwatazama kuku, ucheshi ukamwisha. Alichoma ubani na udi, akaandika aya za kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, kisha akawaketisha wote watatu kwenye mkeka, karibu na mdomo wa kisima.

"Mimi nitasimama kati yenu na yeye," alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Nitamwambia: umelipwa kwa haki, ondoka kwa haki. Neno hilo likiwa kweli, halinidhuru kitu. Likiwa uongo, nimesimama uchi mbele ya simba. Kwa hiyo nauliza mara moja tu. Kitambaa kilikuwa kipya?"

Bi Anifa alimwangalia mwanawe. Wakio pia alimwangalia, na moyo wake ulikuwa unamwambia kitu ambacho hakutaka kukisikia.

"Kipya," alisema Hanifu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Laiti kingemuumbua yeye peke yake.

Maalim akaanza kusoma. Alisoma vizuri, sauti nene yenye utulivu, moshi wa udi ukipanda wima, na kwa kitambo ukamuaji nyuma ya zizi ulinyamaza. Kisha akafika pale alipotakiwa kusema amelipwa kwa haki, akalisema, na neno la mwisho likatoka na maji. Akakohoa. Akajaribu tena na maji yakamjaa kinywani, yakamtoka puani, yakamtiririka kidevuni na kulowesha kanzu, maji mengi, ya joto, yenye harufu ya nguo iliyovunda, naye akawa anatapatapa kwa mikono hewani kama mtu aliyetumbukizwa bwawani, macho yamemtoka, mishipa imemsimama, anazama akiwa amesimama kwenye ardhi kavu saa sita ya mchana, na kutoka ndani ya maji yale, kwa kinywa chake lakini si kwa sauti yake, ikatoka sauti tambarare, isiyo ya mwanamume wala ya mwanamke:

"Pindo nimelipokea. Naidai nguo, na aliyemo ndani yake."

Wakio alijitazama. Asubuhi alikuwa amevaa sketi na sweta. Alikuwa na hakika, alizikumbuka hata zipu zake, lakini sasa hazikuwapo. Alikuwa amevaa gauni jeupe. Vifungo vya mgongoni vilikuwa vimefungwa vyote mpaka shingoni, nalo lilikuwa limelowa, zito, na lilikuwa linakaza, kwanza taratibu kama mkono wa mtu anayekushika kiuno katika dansi, halafu kwa nguvu, likijisokota kwa mzunguko mmoja kutoka vifundoni kupanda juu, likimbana mapaja, tumbo, mbavu, mpaka akasikia ubavu mmoja ukilia ko ndani yake, akajua ndiyo ile sauti, akajua sasa zamu ni yake, na huku likimsokota lilikuwa linamburuta kwa pindo lisilokuwapo, chali, visigino vikichimba mifereji kwenye vumbi, kuelekea mdomo wa kisima ambao kifuniko chake cha bati kilikuwa kimejiondoa chenyewe.

Hanifu akamrukia. Alilishika gauni kwa mikono miwili akalivuta, akalirarua mgongoni, akamtoa Wakio ndani yake kama anayemtoa mtoto ndani ya moto, na mkono wake wa kulia ulipoachia, wa kushoto ulibaki umenaswa kwenye kitambaa. Gauni halikujali ni mkono wa nani. Likakamua. Liliuzungusha mkono ule kuanzia kidole hadi bega, mara moja, mara mbili, mfupa ukakatika hapa na pale na pale, ngozi ikapasuka kwa mstari wa kuzunguka kama ganda la muwa, na Hanifu akapiga ukelele ambao Wakio hakujua kwamba mtu mzima anaweza kuutoa.

"Si kipya!" alilia. "Si kipya, mama! Ni pindo la gauni lake! Alilijaribu dukani, alilivaa! Nilikata pindo, nikalifua, nikalipiga pasi, nikasema nani atajua! Nisamehe, Mwalimu! Nilikuwa na haraka ya kukuleta nyumbani!"

Gauni likamwachia. Likalala chini, tupu. Maalim akaanguka kifudifudi, akatapika maji, akavuta pumzi.

Wakio alikuwa amejifunga kanga ya Bi Anifa, ameshika ubavu, anamtazama mwanamume aliyekuwa amemuuza kwa mkono mmoja wa kitambaa bila kukusudia, na ambaye alikuwa amempa mkono wake mzima kumkomboa. Alimchukia na kumpenda kwa pamoja, wala hakuona ajabu.

Maalim alipoweza kusema, alisema kwa kukwaruza. "Mlinidanganya. Nilikaribia kufa kwa ajili ya pasi ya mkaa." Akatema. "Dawa ni moja. Aliyelitupa pindo alifuate, kwa miguu yake, alitoe. Mahali pake paachwe kitambaa kipya. Kabla jua halijazama."

"Kipya kiko wapi?" aliuliza Wakio. "Nyumba hii yote ina kitambaa kipya?"

Bi Anifa aliinuka, akaingia ndani, akarudi na furushi lililofungwa kwa kamba ya ukindu. Ilikuwa sanda yake. Alikuwa ameinunua miaka sita iliyopita, marekani safi isiyowahi kugusa mwili, kwa kuwa hakutaka kuwasumbua watu siku yake ikifika. Alikata mkono mmoja akampa Hanifu, akakata na mwingine akamfumbatisha Wakio kiganjani. "Kaa nacho hiki. Safari ni ndefu."

Walimfunga Hanifu mkono uliovunjika kifuani kwa kanga, wakamfunga kamba kiunoni. Kisima kilikuwa na vishimo vya kukanyagia, vilivyochongwa na watu wa msafara. Kabla hajashuka alimtazama Wakio. Uso wake ulikuwa umepauka kama jivu.

"Mwalimu. Nikitoka, bado tunakwenda Voi?"

Angeweza kukataa. Wangapi wangemlaumu? "Toka kwanza," alisema. Kisha akaongeza haraka, maana alimwona macho yake: "Tunakwenda."

Akashuka. Walisikia miguu yake ikitafuta vishimo, pumzi zake, kisha maji ya magotini yakitibuliwa. Kisha ukimya. Kisha ukamuaji, taratibu, chini kabisa, zungusha na dondosha, zungusha na dondosha, muda wa mtu kusali rakaa nne, na kamba mikononi mwa Bi Anifa ikalegea yote.

"Hanifu!" aliita mama. "Hanifu!"

Na ghafla kichwa chake kikatokea mdomoni mwa kisima. Alikuwa amepanda mwenyewe, bila kamba, amelowa tangu nywele hadi vidole ingawa maji ya chini hayakufika mapajani, na meno yake yalikuwa yameng'ata kipande cheupe cha pindo. Mama yake alimkumbatia akilia. Wakio alilichukua lile pindo, wakalichoma pamoja na gauni kwa mafuta ya taa, na vyote viwili viliwaka vizuri kama kitambaa chochote. Usiku hapakuwa na sauti yoyote. Hata harufu iliondoka.

Asubuhi walipakia kwenye pikapu. Hanifu hakutaka hospitali. "Hauumi," alisema juu ya mkono uliofungwa kifuani. Alikuwa mkimya, lakini nani asingekuwa mkimya? Wakio aliketi nyuma pamoja naye, ubavu ukimchoma kila gurudumu likipita shimo. Pikapu ilipoanza kuondoka alimwona Bi Anifa amesimama kando ya kisima anawapungia. Halafu akamwona ameacha kupunga. Mama yule aliinama kwenye mdomo wa kisima, akatega sikio. Aliinuka, akajishika kichwa, mtandio ukaanguka, akaanza kukimbia kuelekea barabarani, mikono juu, anapiga kelele za maneno ambayo injini na vumbi viliyameza yote. Maskini, Wakio aliwaza, uchungu wa mwana. Alimpungia mpaka vumbi likamficha.

Kwenye basi la kutoka Dodoma alikaa dirishani, Hanifu akakaa kando yake. Alisinzia. Aliota mtu anamwita Mwalimu, Mwalimu, kwa sauti ya mbali yenye mwangwi kama ya aliye ndani ya pipa, na alipoamka walikuwa Kibaigwa. Malori ya mahindi yamejipanga, madalali wanabishana juu ya magunia, wachuuzi wananyoosha mahindi ya kuchoma madirishani.

"Wakio," alisema Hanifu. "Unataka hindi?"

Alitikisa kichwa kuwa ndiyo, bado ana usingizi. Hanifu akajipinda mbele yake, akanyoosha mkono nje ya dirisha, akalipokea hindi la moto, akalikandamiza kidogo kulipima. Mkono wa kushoto. Ulikuwa umenyooka, laini, hauna mshono wala kovu. Kanga iliyokuwa imeufunga ilikuwa inaning'inia shingoni, tupu.

Wakio. Amemwita Wakio. Tangu alipotoka kisimani hakuwa amemwita Mwalimu hata mara moja, na Hanifu hakuwahi, katika siku zote kumi na nne, kumwita kwa jina lingine. Halafu akamkumbuka mama yule ametega sikio kwenye mdomo wa kisima, na akajua alikuwa anakimbilia nini, na akajua ndotoni nani alikuwa anamwita na anaita kutoka wapi, kwa mkono mmoja uliovunjika, kwenye maji ya magotini.

Akaingiza vidole kwenye mkoba, polepole, akitafuta kile kipande cha sanda. Alikigusa. Kilikuwa kimelowa, na kimesokotwa.

Kondakta aligonga bati mara mbili, basi likaanza kuondoka. Aliyekaa kando yake alimwekea hindi mapajani, akamsogelea sikioni. Pumzi yake ilikuwa na joto la mate.

"Yale maji ya kwenu," aliuliza. "Ni kweli hayana mwenyewe?"